Msitu Usiongoja Mvua

Mwanzoni mwa Oktoba milima ya Mbinga, mkoani Ruvuma, huwa imekauka kweli kweli. Mvua ya mwisho ya maana ilinyesha Aprili au mapema Mei. Vijito vimekonda, nyasi nyingi zimeshaungua, na vumbi la barabara za vijijini limetua juu ya kila kitu. Ndipo miombo inapochipua. Katika vipande vya msitu vilivyosalia kando ya barabara ya Songea, na kwenye miteremko ya kushukia Ziwa Nyasa, miti iliyokuwa mitupu wiki chache tu zilizopita hujifunika majani mapya, nayo si ya kijani. Mengine ni mekundu, mengine ya rangi ya shaba, mengine damu ya mzee. Mvua yenyewe itafika mwishoni mwa Novemba, pengine Desemba.

Hakuna mkulima wa Mbinga anayepanda mahindi Oktoba mosi katika udongo huo. Jani changa ni laini, halijajikinga vizuri dhidi ya kukauka, na linahitaji maji ili likunjuke na kupanuka. Mti unalitoa katika kipindi kikavu kuliko vyote, jua likiwa kali. Wageni wengi hudhani miombo imenusa mvua inayokuja. Haijanusa chochote. Imeanza kutumia akiba yake.

Sehemu kubwa ya maisha ya miti ya nchi hii huendeshwa chini ya ardhi. Miti ya miombo, yaani jamii za Brachystegia na Julbernardia pamoja na ndugu zao, huteremsha mizizi ambayo mara nyingi hupita kina cha mita 5. Mwezi Septemba udongo wa juu hauna kitu, lakini chini kabisa bado kuna unyevu wa masika yaliyopita. Mti unapopukutisha majani ya zamani hufunga karibu milango yote ya kupotezea maji, na shina lililopungukiwa maji hujaa tena taratibu. Wakati huohuo mizizi na shina vimehifadhi wanga uliotengenezwa miezi ya mvua. Maji na wanga vikishakuwepo, kinachosubiriwa ni ishara ya kuanza.

Watafiti wa misitu hii huitaja ishara ya joto linalopanda baada ya baridi ya Juni na Julai, na pia urefu wa mchana. Mbinga iko karibu nyuzi 11 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo mchana wa Desemba unauzidi ule wa Juni kwa kama saa moja na robo tu. Binadamu aliye kazini hata hauoni mwanya huo. Mimea ina kemikali inayobadilika umbo ikipigwa na mwanga na kurudi taratibu gizani, na kwa njia hiyo hupima urefu wa usiku kwa makini kuliko sisi.

Wekundu nao una kazi. Unatokana na rangi iitwayo anthosianini, ambayo jani hujipaka kabla klorofili, ile rangi ya kijani inayonasa nguvu ya jua, haijakamilika. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba rangi hiyo hupunguza makali ya mwanga juu ya jani ambalo bado halijaweza kuutumia. Wapo wanaosema pia huwachanganya wadudu walaji. Wiki mbili tatu baadaye wekundu hufifia na msitu mzima hugeuka kijani kibichi, udongo ukiwa bado vumbi.

Faida ya haraka hii yote huonekana siku mvua inaposhuka. Mwaka 1958 mtafiti H. F. Birch, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha Muguga nchini Kenya, alichapisha matokeo yaliyobaki na jina lake hadi leo: udongo uliokauka sana ukiloweshwa ghafla, vijidudu vyake huamka kwa kishindo, huozesha mabaki ya mimea na kumwaga naitrojeni kwa siku chache. Mti ambao majani yake yamekwisha kukomaa siku ile huingia kazini palepale. Mti unaosubiri mvua ndipo uchipue hukuta sehemu ya chakula hicho imekwisha kuchukuliwa, au imesombwa na maji.

Maji hayo ya mita 5 chini yanafikaje kwenye jani la juu kabisa? Mti hauna pampu. Chini ya jani kuna vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyofunguka ili hewa ya ukaa iingie. Vikifunguka, mvuke hutoka. Kila chembe ya maji inayotoka huivuta iliyo nyuma yake, kwa kuwa chembe za maji hushikana, na mvuto huo hupita katika mirija myembamba ya ubao hadi mizizini, kama kamba inayovuta ndoo kisimani. Zaidi ya asilimia 95 ya maji yanayopanda huishia hewani. Kiasi kidogo tu hubaki mwilini mwa mti.

Ukame ukizidi kamba hiyo hukatika. Viputo vya hewa huingia kwenye mirija na mirija hiyo hufa kikazi. Kwa hiyo mti huishi kwa kupima: ukifunga vitundu, unakosa hewa ya ukaa na unalala njaa, ukiviacha wazi, unahatarisha mirija. Karibu kila tofauti kati ya mti na mti, kutoka Umatengo, yaani milima ya Mbinga, mpaka ufukweni mwa ziwa, ni tofauti ya jinsi unavyopima hatari hizo mbili.

Na mti huo mkubwa umetengenezwa na nini hasa? Wengi hujibu udongo. Mtaalamu wa huko iliko Ubelgiji ya leo, Jan Baptist van Helmont, alipanda mche katika pipa la udongo aliokwisha kuupima, akaumwagilia kwa miaka 5. Mti uliongezeka zaidi ya kilo 70. Udongo ulipungua gramu zisizofika 60. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1648, baada ya kifo chake. Yeye alihitimisha kwamba mti ni maji matupu. Alikosea nusu, kwani sehemu kubwa ya ubao mkavu hutoka kwenye hewa ya ukaa. Kitanda cha mninga kinachouzwa Mbinga mjini kwa sehemu kubwa kilikuwa hewa.

Udongo hata hivyo hutoa vitu vichache ambavyo bila hivyo hakuna jani, hasa fosforasi na naitrojeni, na udongo wa miombo ni maskini wa vyote viwili. Miti hii ni ya ukoo wa mikunde, lakini mingi yake haina vile vinundu vya mizizini ambavyo maharage hutumia kupata naitrojeni kutoka hewani. Badala yake imeingia ubia na kuvu. Nyuzi nyembamba za kuvu huzivika ncha za mizizi, hutambaa mbali ambako mzizi haufiki, huleta fosforasi na maji, na kulipwa sukari. Sehemu ya kuvu hao inayochomoza juu ya ardhi ndiyo uyoga ambao akina mama huupanga kwenye ndoo na sahani kando ya barabara kuu za Ruvuma kuanzia Desemba. Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, pamoja na Mtanzania Leonard Mwasumbi, waliorodhesha uyoga wa namna hii katika kitabu chao cha mwaka 2003 kuhusu uyoga wa Tanzania. Jambo ambalo muuzaji wa barabarani hulijua bila kitabu ni kwamba ukikata miombo, aina nyingi za uyoga hupotea pamoja nayo. Mikaratusi haiurudishi.

Hapa pafaa tahadhari. Zimeenea hadithi kwamba miti huzungumza kupitia nyuzi hizo, na kwamba mti mama hulisha watoto wake. Kubadilishana kaboni kumeonekana katika majaribio kadhaa ya nchi za baridi, lakini mwaka 2023 watafiti watatu wa fani hiyo hiyo walipitia ushahidi wote wakaonyesha kwamba umekuzwa kupita kiasi. Ubia wa mti na kuvu unatosha kustaajabisha wenyewe.

Mninga una malezi ya ajabu kuliko miti yote ya hapa. Mbegu yake hukaa ndani ya tunda la duara lenye miiba katikati na bawa pembeni, huota mvua za kwanza, na kufikia kiangazi kile kijiti chake hufa. Mwaka unaofuata kinachipua kingine, nacho hufa. Mzunguko huo unaweza kurudiwa miaka 10, na mara nyingine zaidi, huku moto ukipita juu kila mwaka. Mtu anayepita shambani huona kimche cha magotini na kukidhania cha msimu huu, kumbe mzizi wake una umri wa mtoto wa darasa la nne. Mzizi ukishakusanya wanga wa kutosha, kijiti kinachotoka mwaka huo hakifi tena. Hupanda kwa kasi ili kilele kivuke urefu wa miali ya moto. Ndiyo maana miche ya mninga ya kitaluni huwakatisha tamaa wengi. Wanatazama juu, na juu hakuna habari.

Mti ukishasimama hurefuka kwenye ncha tu. Msumari uliopigwa shinani usawa wa kifua utabaki usawa wa kifua hata baada ya miaka 50, ila utakuwa umemezwa, kwa sababu shina hunenepa kutoka kwenye utando mwembamba ulio chini ya gome. Utando huo hutengeneza ubao upande wa ndani na mirija ya chakula upande wa nje. Kiangazi hupunguza kazi au huacha kabisa, na hapo huacha alama: pete moja kwa mwaka mmoja, pana kwa mwaka wa mvua nyingi, nyembamba kwa mwaka wa ukame. Nchini Zimbabwe pete za mninga zimetumika kujenga upya historia ya mvua ya karibu miaka 200, ikiwamo ya kabla ya vipimo vya serikali kuwapo.

Kwa kuwa mirija ya chakula imo ndani ya gome, mti uliobanduliwa gome kuzunguka shina lote hufa, ingawa si mara moja. Maji bado yanapanda kupitia ubao, majani bado ni ya kijani, lakini sukari haishuki tena na mizizi hufa njaa. Warina asali wa jadi katika nchi za miombo wameua miti mingi hivyo, wakitafuta gome la mzinga. Mzinga wa ubao hugharimu zaidi siku ya kwanza, ila haumalizi miti inayowapa nyuki maua.

Mikusu ni kisa kingine. Matunda yake, masuku, hujaa masokoni mvua zinapoanza, na jina lake la kitaalamu, Uapaca kirkiana, ni kumbukumbu ya John Kirk, daktari na mtaalamu wa mimea aliyefika Ziwa Nyasa na David Livingstone mwaka 1859 na baadaye akawa mwakilishi wa Uingereza Zanzibar. Mkusu ni dume au jike. Anayefyeka shamba akaacha mmoja kwa ajili ya matunda anaweza kuwa ameacha dume, akangoja bure.

Juu kabisa, Umatengo penyewe, miombo imebaki kidogo. Katika karne ya 19 mashambulizi ya Wangoni yaliwabana Wamatengo kwenye miinuko ya Litembo na kandokando yake, na watu wengi kwenye ardhi ndogo yenye mwinuko mkali walilazimika kulima bila kupumzisha shamba kwa muda mrefu. Hapo ndipo ngolo ilipojipatia umaarufu: nyasi hufyekwa na kupangwa miraba, udongo hufunikwa juu yake, na shamba zima huwa mashimo yanayonasa maji ya mvua yasiporomoke. Mashimo hayo yamewavuta watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Kyoto, Japan. Mti uliochukua nafasi ya msitu hapa ni mbuni.

Kahawa ya arabika ilifika Umatengo katika miaka ya 1920, lakini asili yake ni chini ya vivuli vya misitu ya Ethiopia, mahali pa ubaridi. Hufurahia wastani wa nyuzi 18 hadi 22 hivi. Kwa maua yake mbuni hufanya kinyume cha miombo: wenyewe husubiri mvua. Vichipukizi vya maua hukamilika wakati wa ukame na kulala. Mvua ya kwanza ya kutosha ikivilowesha, huamka kwa pamoja, na baada ya siku 8 hadi 12 mashamba yote ya mlima mmoja huwa meupe, yakinukia kama asumini. Ukame ndio unaovipanga vichipukizi viwe tayari kwa wakati mmoja. Mvua ikidondoka kidogo kidogo mara nyingi, maua hutoka kwa mafungu, na mwakani mkulima atavuna kwa mafungu, akirudia mti uleule mara nyingi kuchuma zilizoiva.

Mbuni una udhaifu wa mti wa kivulini uliotolewa juani. Haujui kupunguza matunda. Ukichanua sana hubeba yote, huhamisha wanga kutoka mizizini na matawini kuyalisha, kisha mwaka unaofuata matawi hukauka kuanzia nchani na mavuno huanguka. Kupogoa na kuondoa maotea ni kuufanyia mti hesabu usiyoiweza, na kivuli cha migomba au migrevilea hufanya sehemu ya kazi hiyo. Kituo cha Ugano wilayani Mbinga, tawi la Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, kimekuwa kikisambaza mibuni chotara inayohimili chulebuni na kutu ya majani. Joto ni suala jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliochambua takwimu za Tanzania, ulikadiria kwamba kila nyuzi 1 inayoongezeka kwenye joto la usiku huondoa kama kilo 137 za kahawa kwa hekta. Usiku mti hautengenezi chakula. Unakitumia tu, na usiku wa joto hutumia zaidi.

Kuhusu mikaratusi, au milingoti, maneno yamekwisha kusemwa mengi. Ni mti unaokua haraka kwa sababu huacha vitundu vya majani wazi maadamu mizizi inapata maji, kwa hiyo kwenye kilima kikavu haudhuru kama unavyodhuru ukipandwa juu ya chemchemi. Umatengo unauhitaji kwa matofali, mbao na kuni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka vyanzo vya maji kuwa eneo la kuachwa bila shughuli za kudhuru, na kama kipimo hicho kingefuatwa kwenye mabonde yote ya Mbinga, nusu ya ugomvi kuhusu mti huu ungekwisha.

Kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66, na barabara huporomoka kutoka zaidi ya mita 1,300 hadi ziwani kwenye mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari. Joto hupanda nyuzi 5 au zaidi. Kahawa hutoweka njiani, miombo hubadilika sura, na chini huanza miembe, mihogo na mibuyu.

Watu husema mbuyu hunywa maji ya tumbo lake kiangazi kizima. Ubao wake kweli ni laini na umejaa maji, na shina hupungua unene miezi mikavu. Lakini vipimo vya watafiti nchini Madagascar, vilivyochapishwa mwaka 2006, vilionyesha kwamba mibuyu haifungui vitundu vya majani kwa kutegemea maji hayo. Huyahifadhi mpaka mwisho wa kiangazi, kisha huyatumia kutoa majani mapya kabla mvua haijanyesha. Mbuyu wa ufukweni na miombo ya mlimani vimefika kwenye ratiba ileile, mmoja kwa ghala la shina, mwingine kwa mzizi mrefu.

Ng'ambo ya ziwa, wakulima wa Malawi huacha makusudi mti wa msangu katikati ya mahindi. Huo umegeuza mwaka wote: hupukutika mvua zinapoanza, hukaa mtupu mahindi yakikua bila kivuli, halafu huvaa majani kiangazi kizima kwa maji ya chini kabisa. Majani yanayoanguka ni mbolea, na maganda yake ni chakula cha mifugo.

Kampeni za kupanda miti huhesabu miche. Hesabu hiyo haioni kisiki. Mwombo uliokatwa kwa mkaa au shamba huchipua tena kutoka kwenye kisiki na mizizi, kwa sababu wanga na njia ya maji bado vipo, na shamba lililoachwa linaweza kurudi kuwa msitu ndani ya miongo michache bila mche hata mmoja. Huko Dodoma, taasisi ya LEAD Foundation imefundisha vijiji njia hii kwa jina la Kisiki Hai: chagua machipukizi machache yenye nguvu, pogoa mengine, yawekee alama ili mifugo na majembe viyaepuke. Njia hiyo ilipata umaarufu nchini Niger kuanzia miaka ya 1980 kupitia Tony Rinaudo wa Australia. Ruvuma, yenye mvua nyingi kuliko Dodoma, ingepata matokeo ya haraka zaidi, isipokuwa pale ambapo visiki vimeng'olewa au vimelimwa kwa miaka mingi mpaka mizizi ikafa.

Adui mkubwa wa machipukizi hayo ni tarehe ya moto. Moto wa Mei au Juni hupita kwenye nyasi zenye unyevu na miti iliyolala, hauna nguvu. Moto wa Septemba na Oktoba, unaowashwa kusafisha mashamba au kutoa panya mashimoni, hukuta nyasi zimekauka kabisa na miti imekwisha kumwaga akiba yake kwenye majani mekundu. Mti unaounguzwa siku hizo hulazimika kuchipua mara ya pili kwa hazina iliyokwisha kupungua. Karibu na Ndola, Zambia, viwanja vya majaribio vilivyoanzishwa miaka ya 1930 vilichomwa kwa ratiba tofauti mwaka baada ya mwaka. Vilivyochomwa mapema vilibaki miombo. Vilivyokingwa moto kabisa vilisongwa na vichaka visivyopukutika. Vilivyochomwa mwishoni mwa kiangazi viligeuka nyasi, na miti michache iliyosalia ilikuwa ya aina zinazostahimili moto.